Nenda Ukaandikwe

Mwaka 2017, chifu alipopita kijijini akitangaza kwamba kila aliyetimiza miaka 70 aje na kitambulisho aandikwe, shangazi yangu alikuwa kwenye kibanda chake kando ya barabara ya Litein kwenda Kapkatet, akipanga viazi mafungu mafungu. Miaka 70 alikuwa ameshaivuka. Alimsikiliza chifu mpaka mwisho, akaitikia salamu yake, kisha akarudi kwenye viazi. Jioni nikamuuliza, "Senge, mbona hukwenda?" Akanijibu kwa ukali kidogo: "Hizo ni pesa za maskini, mwanangu. Mimi nina kibanda. Nina majani. Nikasimame foleni moja na wasio na kitu, watu watasemaje?"

Watu hawakusema lolote. Wenzake waliokwenda waliandikwa, na hesabu yao ya Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, ikaanza Januari 2018: shilingi 2,000 kwa mwezi. Yeye alibaki nje akingoja usajili mwingine, na usajili huo haukufika kwetu hadi ilipopita miaka 6. Elfu mbili mara 12, mara 6. Ni shilingi 144,000. Kwa pesa hizo angenunua ng'ombe wa maziwa, akaezeka kibanda upya, na bado angebaki na za kununulia sukari. Hakuna mwizi aliyezichukua wala karani aliyezila. Alizikataa mwenyewe, kwa mdomo wake, akidhani hiyo ndiyo heshima.

Nakuandikia wewe unayefanana naye. Wewe wa bodaboda pale Kapsoit. Wewe unayechoma mahindi Chepseon. Wewe fundi wa cherehani Sotik, na wewe mwenye mashina 400 ya chai huko Konoin uliyogawiwa na baba, na wewe unayekaanga mandazi Silibwet siku ya soko. Una kazi. Unaamka kabla ya jogoo. Mwezi ukiisha, ukishalipa deni la dukani na karo ya mtoto, mkononi hakubaki kitu. Lakini siku msaada unapotangazwa, unajifuta kwenye orodha kabla karani hajafungua daftari. "Mimi nimejiajiri, mimi simo humo." Nani alikuambia humo?

Fungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 43. Kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii. Imeandikwa kila mtu. Haikuandikwa kila asiye na kazi. Kifungu hichohicho kinaendelea kuibebesha serikali jukumu la kuwasaidia wasioweza kujikimu wao wenyewe na wanaowategemea. Shika hilo neno kujikimu. Mtu anaweza kushinda shambani kutwa, mvua ya mawe ikimpiga mgongoni, na bado asiweze kujikimu. Na mvua ya mawe tunaijua sisi: milima hii ya Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua hiyo mara nyingi zaidi duniani. Asubuhi shamba ni la kijani, saa kumi jioni majani yamechanika kama yaliyopitishwa kwenye kisu, na kwa wiki kadhaa hakuna cha kupeleka kituoni. Siku hiyo wewe una kazi au huna? Kazi unayo. Chakula ndicho huna.

Kwa wazee wa Inua Jamii, masharti ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Uwe Mkenya, uwe umetimiza miaka 70, usiwe unapokea pensheni ya serikali. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye kibanda asije, au mwenye mashina 300 abaki nyumbani. Shangazi yangu alijiwekea sharti lake mwenyewe, gumu kuliko la serikali, kisha akajinyima kwa sharti hilo. Ni watu wangapi katika kata yako wamefanya vivyo hivyo? Nenda jioni ukaulize kwenye maboma matatu ya jirani, utarudi na jibu.

Najua chanzo cha haya yetu. Hapa kwetu wengi tumelelewa na kampuni. Tangu miaka ya 1920, kampuni za Waingereza zilipoanza kupanda chai kwenye milima hii, mchumaji alipewa kazi na juu yake nyumba, maji, zahanati, shule ya watoto. Mpaka leo kuna senta karibu na mji wa Kericho inaitwa Brooke, kwa jina la mojawapo ya kampuni hizo, na watu huitaja kana kwamba ni jina la babu yao. Kinga ya mfanyakazi ilikuja pamoja na kikapu. Hukuiomba, ilikuwapo. Kisha zikaja mashine za kuchuma. Chama cha wafanyakazi wa mashambani kilizipinga mahakamani miaka mingi. Mei 2023 hasira ikajaa barabarani, mashine zikachomwa moto hapa Kericho, damu ikamwagika. Kampuni zenyewe zimebadilisha wamiliki na majina. Aliyepoteza kikapu alipoteza na nyumba, na maji, na ile zahanati, yote kwa siku moja. Akatoka na godoro lake akaenda kukopa pikipiki.

Ndiyo maana barabara zetu zimejaa watu waliojiajiri. Wengi hawakuamua kuwa wafanyabiashara, walisukumwa wakawa. Waliposukumwa hakuna aliyewaambia kwamba ile kinga iliyokuwa ikiletwa mlangoni na kampuni, sasa lazima uifuate mwenyewe kwa miguu.

Tena, kama ulichuma majani ya kampuni kwa miaka na ukaondoka, una pesa zako NSSF. Ukifika 60 ni zako, na kuanzia 50 unaweza kuziomba ukiwa umestaafu mapema. Kama aliyechuma ni mume wako na amefariki, wewe mjane na watoto ndio wenye kuzidai. Hilo hata si msaada. Ni jasho lililokatwa kwenye mshahara likawekwa mahali, nalo linakungoja.

Sasa kuna msemo utakaoletewa na jirani mwenye kujifanya mwenye hekima: mtegemea cha ndugu hufa maskini. Mwambie arudie polepole. Cha ndugu. Hiki si cha ndugu. Wewe mwendesha bodaboda, kila lita ya petroli unayotia ina shilingi 25 za ushuru wa kutengeneza barabara, na hiyo ni kodi moja tu kati ya kadhaa zilizofichwa humo. Mama wa mandazi, mafuta ya kupikia, sabuni, muda wa maongezi kwenye simu, vyote vina mkono wa serikali ndani. Umelipa. Umekuwa ukilipa tangu siku ya kwanza uliyonunua kiberiti dukani kwa pesa yako. Hujawahi kupewa risiti, kwa hiyo unajiona mgeni kwenye karamu uliyoichangia.

Na tusidhani ni watu wa nchi maskini tu wanaochukua. Kule Uingereza, ambako chai yetu humiminwa vikombeni kila asubuhi, fundi bomba aliyejiajiri akipata kidogo mwezi huu huingia kwenye mpango wao unaoitwa Universal Credit, akaandika alichoingiza na alichotumia kwa ajili ya kazi, na serikali ikamwongezea. Mwezi ujao akipata zaidi, nyongeza inapunguzwa. Ukali upo pia: baada ya mwaka wa kwanza kwenye mpango huo, wengi wao huhesabiwa kana kwamba wanapata kima fulani hata kama hawakukipata, na jambo hilo limewaliza wengi. Lakini haya hawaoni. Huyo anayekunywa majani uliyochuma wewe hujaza fomu yake, akafunga kompyuta, akaenda kazini. Wewe uliyeyachuma unaona haya kwenda kwa chifu.

Sisi mpango wa namna hiyo hatuna. Tuambiane ukweli. Kenya haina dirisha la kumwongezea mwenye kibanda kwa kuwa mwezi umemwendea vibaya. Tulicho nacho ni vipande vipande, kimoja kwa chifu, kingine hospitali, kingine kwenye simu, na kila kipande kina mlango wake. Hasira yangu kuhusu hilo ninayo na sitaificha. Lakini hasira haijazi sufuria. Vipande vilivyopo viokote vyote.

Anza na nyumba yako kabla ya kujitazama wewe. Kuna mzee wa 70 humo ndani? Kuna mtoto yatima unayemlea, wa dada yako au wa ndugu yako? Kuna mtu mwenye ulemavu mkubwa ambaye hawezi kuachwa peke yake hata nusu saa? Hao watatu ndio Inua Jamii iliyowalenga. Kwa yatima na kwa mwenye ulemavu mkubwa hali ya nyumba hutazamwa, kama ni maskini au la. Nawe unayemlea ndiwe hasa uliyelazimika kujiajiri, kwa sababu hakuna mwajiri atakayekuruhusu kurudi nyumbani mara nne kwa siku kumgeuza mgonjwa kitandani. Una kibanda mlangoni kwa kuwa huwezi kwenda mbali. Kibanda hicho hakiushindi umaskini wako, kinautangaza.

Hapo karani atakapokuja kukuhoji ndipo wengi hujimaliza. Nimeshuhudia. Karani anauliza, "Mama, biashara inakupa ngapi?" Na mama, ambaye hataki kuonekana mnyonge mbele ya kijana mwenye tableti, anajibu kwa sauti: "Siku nzuri napata elfu mbili na mia nne!" Karani anaandika. Mama anatabasamu. Amejichoma.

Keti nami tufanye hesabu ya mama huyo. Siku ya soko anauza 2,400, kweli. Asubuhi amenunua viazi vya 1,100, sukuma na nyanya za 600. Bodaboda ya kubeba mzigo 150, kaunti imechukua ushuru wake 50, nyanya za 100 zimepondeka njiani. Kilichobaki ni 400. Siku nyingine tano za wiki anauza kama 1,500, na ukitoa vyote anabaki na 250. Weka mwezi mzima kwenye mizani: ameuza karibu 40,000, na kilichoingia tumboni mwa watoto ni 6,600. Ukiulizwa unapata ngapi, jibu ni 6,600. Huo si uongo wala si unyonge. Mauzo ni pesa zinazopita mkononi mwako zikienda kwa mwenye viazi. Kipato ni kile kinacholala kwako.

Tofauti hiyo ina bei. Chukua SHA, ile bima ya afya iliyoanza Oktoba 2024. Aliyejiajiri hutozwa asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba yake, na kima cha chini ni 300 kwa mwezi. Asilimia hiyo ya 40,000 ni 1,100. Ya 6,600 haifiki hata 200, kwa hiyo unawekwa kwenye 300. Kwa mwaka, mmoja anaambiwa alete 13,200 na mwingine 3,600. Mama ni yuleyule, kibanda ni kilekile.

Lakini ukweli ni kwamba SHA haitazami daftari lako la mauzo. Inakuuliza habari za nyumba: paa la nini, ukuta wa nini, unapikia nini, choo ni cha namna gani, mifugo mingapi, kisha mtambo unakadiria. Kwa hiyo jibu kwa uangalifu, na jibu mambo ya nyumba yako. Ile nyumba ya mawe ni ya baba. Wewe unakaa kile chumba cha mabati nyuma. Yule ng'ombe mweusi ni wa kimanagan, umewekewa na rafiki umlishe na unywe maziwa, mwenyewe yuko Bureti na anajulikana. Usimhesabu. Karani kutoka mbali hajui kimanagan ni nini, mweleze. Na ukikadiriwa kisichokuwa haki, usiishie kununa. Rudi uombe kupimwa upya.

Jambo la bonasi ya chai nalo ni hilohilo. Ukimuuliza mkulima wa chai Oktoba, baada ya kiwanda kulipa, ana pesa. Mwulize Machi. Bonasi ya viwanda vya wakulima wadogo upande huu wa magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ikiachwa nyuma na ile ya Mlima Kenya, na ya 2025 iliwaingiza watu barabarani kwa uchungu. Hata hiyo ndogo ukiigawa kwa miezi 12 unapata picha nyingine kabisa. Tena mara nyingi nambari ya mkulima ni ya mzee, akaunti ni ya mzee. Wewe unachuma, unabeba, unapanga mstari kituoni, na malipo yanasoma jina la baba. Kijijini unaitwa mwenye chai. Kwa karatasi huna kitu. Sema hivyo, kwa maneno hayohayo.

Nunua daftari la shilingi 50. Andika kila jioni: niliuza, nilinunua, nilitoa, kilibaki. Mwandiko mbaya si hoja. Daftari lenye madoa ya mafuta ya mandazi lina nguvu mbele ya karani kuliko maneno matamu, kwa sababu karani naye ana mkubwa anayemwuliza ushahidi.

Kuhusu SHA bado sijamaliza. Kujiandikisha ni bure, kwa simu yoyote hata ya kabambe, *147#. Ukishaandikwa, zahanati na kituo cha afya cha karibu wanakutibu bila kukudai hata kama hujalipa mchango. Mchango unahitajika ukilazwa hospitali kubwa, kama Kapkatet au Longisa. Watu wengi hawalijui hilo, wanakaa nyumbani na homa ya mtoto wakidhani mlango umefungwa. Na mwaka 2025 serikali ilianza kuwalipia mchango baadhi ya maskini wasiojiweza. Ili ulipiwe, lazima kwanza uonekane. Asiyekuwepo na lake halipo.

Hapa nakumbuka Londiani. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, trela liliacha barabara pale njia panda likawaingia watu waliokuwa kazini: wauzaji wa kando ya barabara, wa bodaboda, abiria. Zaidi ya watu 50 walikufa. Sitaki kuupamba msiba huo kwenye makala. Nasema tu kwamba waliokuwa pale walikuwa watu waliojiajiri kama wewe, na baada ya mazishi kulikuwa na majeruhi wa kutibiwa na yatima wa kulelewa. Usiku wa namna hiyo ni mbaya sana kuanza kutafuta nambari ya kujisajili.

Ukiwa na ulemavu na una kazi ya mikono, nenda ukapimwe na madaktari katika hospitali ya kaunti, upate kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baraza hilo lina mfuko unaotoa, pamoja na mambo mengine, zana za kazi: cherehani, vifaa vya ufundi. Tazama jinsi jambo hili linavyokwenda kinyume na ulivyoamini. Hapo ni kwa sababu unafanya kazi ndiyo unasaidiwa.

Vijana wa 18 hadi 29 mmeusikia mradi wa NYOTA, ruzuku ya 50,000 inayotolewa kwa awamu. Dirisha likifunguliwa ombeni, na aliyekosa mara moja asikae akilaani, aombe tena. Pesa za Mfuko wa Hasla usizichanganye na hizi. Ni mkopo, una riba, urudishe.

Sasa siku yenyewe ya kwenda. Shangazi alipokubali hatimaye, nilimpeleka mimi. Alivaa leso mpya na viatu vya kanisani. Kitambulisho alikifunga kwenye kitambaa, kitambaa akakitia ndani ya pochi, pochi akaikumbatia. Tatizo la kwanza likawa vidole. Miaka 40 ya kuchuma majani imevisugua vikawa laini kama kokoto za mtoni, na utomvu wa chai umeviachia weusi usiotoka kwa sabuni. Mashine ya alama ikakataa kidole gumba. Ikakataa cha shahada. Yule kijana, Mungu ambariki, hakuchoka. Alivifuta kwa kitambaa chenye maji, akajaribu kimoja kimoja, na kile kidogo cha mkono wa kushoto kikakubali. Kile ambacho hakikuwahi kuchuma. Senge akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe ni huyu mvivu ndiye serikali inamtambua!"

Kwa hiyo ukiwa na vidole vya namna hiyo, usirudi nyumbani kidole cha kwanza kikikataliwa. Omba vijaribiwe vyote. Kama kitambulisho kimekosewa mwaka, na kwa wazee wetu kimekosewa mara nyingi kwa sababu karani wa zamani alikisia kwa kumtazama mtu usoni, usingoje siku ya usajili ndipo ulalamike kwamba wewe ni rika moja na fulani. Marika ya Chumo, Sawe na Korongoro tunayajua sisi. Mtambo unajua tarehe tu. Fuatilia marekebisho mapema, kwenye Huduma Centre ya Kericho au ya Bomet. Mzee asiyeweza kutembea aandikiwe mtu wa kumpokelea, na huyo mtu achaguliwe kwa akili, si yule mjukuu anayejulikana baa.

Usajili hauko wazi kila siku. Hutangazwa, na hutangazwa barazani, na wewe huendi barazani kwa sababu unauza. Hilo nalielewa: saa tatu za baraza ni viazi visivyouzwa. Basi gawaneni. Mna chama cha kila Jumapili cha kuchangishana mia mbili mbili; mtumeni mmoja kwa zamu aende baraza, awaletee habari, na siku yake mumuuzie mzigo. Mzee wa kijiji ana jina lako? Nambari yako ya simu anayo? Mpelekee leo. Majina yakisomwa mbele ya watu, uwe hapo usikie kama lako limo, na kama limerukwa useme palepale.

Atakayekuomba kitu kidogo ili akuandike, kumbuka kwamba kuandikwa ni bure. Atakayekupigia simu akitaka nambari ya siri ili "pesa za serikali ziingie", mkatie.

Na ukikataliwa? Usiondoke na neno la mdomo. Kifungu cha 47 cha Katiba hiyohiyo kinampa mtu aliyeumizwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sema kwa adabu: "Naomba uniandikie sababu." Nimeona jinsi sentensi hiyo inavyobadilisha uso wa ofisi. Mara faili iliyopotea inapatikana. Isipopatikana, panda hadi kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, na juu yake ipo Tume ya Haki ya Utawala. Mwenzangu mmoja alirudi ofisi ileile mara tano kwa ajili ya mtoto wa marehemu dada yake. Mara ya tano wakamkaribisha chai.

Sitakudanganya kwamba 2,000 ni utajiri. Ni kidogo, na imekaa palepale miaka mingi huku unga na sukari vikipanda. Tena huchelewa, kuna wakati miezi miwili inakuwa minne. Lakini nimeona inachofanya kwenye kibanda. Zamani shangazi akiishiwa mtaji wiki ya karo, alikopa kwa mtu wa mjini aliyemtoza riba ya kuvunja mgongo. Sasa pesa ya Inua Jamii ikiingia anachukua gunia la viazi taslimu, anapunguziwa bei kwa kuwa hakukopa, na faida ya gunia hilo inamfikisha mwezi unaofuata. Hajaacha kazi. Ameiongeza. Juzi ameweka na ndizi.

Wewe je, unangoja usajili upite mara ya pili? Toa kitambulisho ndani ya Biblia ulikokificha. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha kifo cha dada yako kama unamlea mwanawe, lile daftari lenye madoa, na simu yenye chaji. Ofisi ya chifu hufunguliwa saa mbili. Majani utayachuma ukirudi.